Maji ya Kupewa Mkononi

Daligan, Kalinga
Machi 4, 2011

Kwa Manang Perpetua, wakili na mwalimu wa chuo,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Wassig, yule aliyekubebea begi jekundu mwaka juzi, siku ulipoteleza kwenye ukingo wa shamba la mpunga ukaingia topeni mpaka kiunoni. Mimi sikucheka. Waliocheka ni binamu yangu Bagsao na wenzake. Nakuita Manang kwa sababu ulisema nikuite dada mkubwa, umechoka kuitwa Wakili na kila mtu.

Kuandika kwenyewe naandika kwa shida, shule niliishia darasa la nne. Na kuongea mbele za watu ndiyo kabisa siwezi, uliona mwenyewe. Lakini hili limenikaa kooni.

Juzi Kampuni ya bwawa walituita mjini. Wakili wao, kijana mmoja viatu vinang'aa kama chura aliyelowa, akasimama akasema: "Profesa Perpetua Abrenica anasema watu wa Daligan waliwapokea wahandisi kwa maji ya heshima, na kwa mila yao, mgeni akinyweshwa maji amekubaliwa." Watu wote wakageuza shingo kukutafuta umekaa wapi. Na mimi nikakutafuta. Nikatoka nje nikachungulia mpaka ndani ya gari lao. Hupo.

Sasa Manang, nauliza bila kukukosea adabu. Ulikuja lini mjini ukasema hayo, ukaondoka bila kupanda kwetu? Wamekupa nini?

Tume ya serikali inakaa Aprili 12. Wakiandika kwamba tulikubali, mto unazibwa pale kwenye koo la mlima, na maji yanapanda mpaka yafunike mashamba, nyumba zote za chini na makaburi ya wazee wetu. Wakiandika hatukukubali, Kampuni haigusi hata jiwe. Si ndivyo sheria inavyosema? Wewe ndiye uliyetufundisha.

Nilipomwambia bibi yangu, Apo Kettay, alitema tambuu akasema, "Nani? Yule wa begi? Mwambie amekunywa kwangu, asije kunitapikia mlangoni."

Nimeandika kama alivyosema.

Wassig


Manila
Machi 14, 2011

Ading Wassig, mdogo wangu,

Nakukumbuka sana. Na ulicheka. Mabega yako yalikuwa yanatikisika.

Sikuja mjini. Sijapewa kitu. Mtu akishaandika jambo likachapwa, yeyote anaweza kusimama popote na kusema "fulani anasema", hata kama fulani mwenyewe yuko kwake anakoroma. Sisi tunaita kunukuu. Najua wewe utaita kumvaa mtu mdomo wake, na leo sina la kukubishia.

Lakini nielewe na mimi. Waandishi wa sheria za mataifa, miaka nenda miaka rudi, wamekuwa wakiandika kwamba mila za watu wa milimani ni ngoma na mavazi, si sheria. Mimi nilikataa. Niliandika kwamba pale kwenu maji yakishanywewa yanafunga watu kama mkataba unavyofunga serikali mbili. Kwamba mahakama yoyote inayoheshimu mikataba haina budi kuheshimu na kata ya kunywea maji ya Daligan. Wenzangu wengine walinicheka kwenye mkutano. Sikujali.

Kampuni wamekata sentensi moja wakaacha kurasa arobaini. Ni kweli niliandika kwamba mgeni akinyweshwa maji amekubaliwa. Niliandika nilichokiona. Mlinipa maji, nikakaa kwenu kwa amani. Kukubaliwa kukaa si kukubali mto uzibwe, na hilo nitalisema mbele ya Tume.

Mwombe Apo Kettay aje naye aseme. Yeye ndiye aliyetoa maji.

Manang Perpetua


Daligan
Machi 22, 2011

Manang,

Barua yako nimeisoma, penye maneno magumu nesi wa kijiji amenisaidia. Basi nimeelewa, hukuja. Lile neno la wamekupa nini nalirudisha mdomoni.

Lakini makala yako, kwa ulivyoieleza, inakwenda vizuri, ikifika kwenye maji inapotea njia. Nilidhani dunia nzima inajua hili, ndiyo maana hakuna aliyekwambia.

Sisi rafiki hatumpi maji. Rafiki anaingia, mtungi uko hapo, kata inaning'inia, anachota, anakunywa, analalamika kidogo kwamba maji yana ladha ya moshi, anakaa. Anayepewa maji mkononi ni mtu usiyemjua, au unayemjua kwa ubaya. Ukimpa akanywa, ndani ya mipaka ya kijiji hakuna wa kumgusa. Si kwamba umempenda. Umejifunga mikono yako mwenyewe, na yeye amejifunga ya kwake.

Baba yake Apo Kettay alimnywesha mtu aliyemuua kaka yake. Kweli kabisa. Yule mtu alikuwa anakimbizwa, akaingia nyumba ya kwanza aliyoiona, kumbe ni hiyohiyo. Akaomba maji. Akapewa. Halafu mwenye nyumba akamsindikiza mpaka mtoni ili watu wake mwenyewe wasimkatekate njiani. Apo anasema baba yake alikuwa anamsindikiza huku analia kwa hasira, mate yanamtoka. Sasa yule naye alikubaliwa?

Mhandisi Olmedo wa Kampuni, kila akija, Apo anamnywesha mkononi. Hajawahi kuambiwa ajichotee. Bagsao anamtania, "Bosi, wewe unapendwa, unanyweshwa kama ndama!" Naye anacheka, anapigwa picha na kata yake.

Na wewe, unakumbuka siku ya tatu? Uliingia ukakaa, unangoja. Apo akakwambia, "Una mikono, jichotee." Nilikutazama. Uso ukakushuka. Ulidhani tumekuchoka. Manang, siku ile ndiyo ulikubaliwa.

Kuhusu Apo kuja kusema, haiwezekani. Aliyetoa maji hawezi kwenda kumsema mgeni wake kwa watu wengine maji yale yakiwa bado yanashika. Na mdomo nao umefungwa.

Wassig


Manila
Machi 29, 2011

Ading,

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Unajua niliandika nini kwenye tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa? "Siku ya tatu ukarimu wa wenyeji ulianza kupungua." Imechapwa. Imesomwa mpaka Geneva.

Nimemwendea mkuu wa kitivo nimwambie nataka kusahihisha. Akanifungia mlango taratibu akasema, "Perpetua, makala imesifiwa, mwezi wa sita unakwenda Geneva kuisoma mbele ya watu wakubwa. Usijivue nguo sokoni." Nikamwambia nguo yenyewe ni ya Apo Kettay, nilivaa ndani nje. Hakucheka.

Jarida wanasema sahihisho litatoka mwakani. Mwakani samaki watakuwa wanazaliana jikoni kwenu. Kwa hiyo nitakuja Aprili 12 na nitaapa kwa mdomo wangu kwamba nilikosea. Ila najua watakavyonijibu: mwanzo aliandika hivi, leo anasema vile, tumwamini yupi? Lazima asimame mtu wa Daligan.

Wewe umeona yote. Njoo useme wewe.

Manang wako


Daligan
Aprili 3, 2011

Manang,

Hapana. Mimi nikisimamishwa mbele ya watu ulimi unakuwa jiwe. Shule yenyewe niliacha kwa sababu mwalimu alitaka niimbe peke yangu.

Lakini kuna jambo limetokea, nikueleze.

Jumamosi Mhandisi alipanda na makopo ya dagaa na kahawa ya pakiti. Apo akampa maji, akanywa. Akafuta mdomo, akaniambia, "Mwambie bibi asante kwa kutupa mto. Mashine zinakuja baada ya Tume." Hivyohivyo, kama mtu anayeshukuru kwa kiazi.

Bagsao akapeleka mkono kwenye panga. Apo akapiga kelele, "Bagsao! Kaa chini, uzao wa mbuzi wewe! Amekunywa!"

"Amekunywa mto mzima, Apo!"

"Na akinywa bahari. Kaa!"

Bagsao akakaa. Mhandisi akaaga, akashuka salama, anapiga mluzi.

Baada ya hapo Apo akasema, "Nimechoka kumlinda huyu mtu. Nataka mdomo wangu."

Njia iko. Aliyetoa maji, au mtu wa damu yake, anamwambia mgeni usoni, mbele ya mashahidi: "Maji yamekwisha." Basi. Hatuui mtu siku hizi, Manang, usiogope, hata Bagsao ana mdomo tu. Lakini hatumlindi tena, na Apo anaweza kusema alichonacho moyoni. Na ikishasemwa pale, kila mtu ataelewa yale maji yalikuwa ya aina gani.

Magoti ya Apo hayashuki tena mlima. Mama yangu yuko Hong Kong anaosha vyombo vya watu. Bagsao ni wa upande wa baba, damu iliyobaki ni mimi. Nitasema palepale mbele ya Tume. Hotuba siwezi, ila haya ni maneno mawili. Nimeanza kuwaambia nguruwe, wananisikiliza vizuri.

Wassig


Manila
Aprili 7, 2011

Ading, nampa barua hii dereva wa lori ili ikuwahi.

Nilianza kukuandikia: usithubutu. Mhandisi yuko pale na wakili wake, polisi wako mlangoni, na wewe unamwambia mtu kwamba kinachomlinda kimekwisha. Wataita tishio la kuua. Watakufunga.

Halafu nikajisoma nikaona haya. Nimeandika kurasa arobaini kwamba maji yenu ni mkataba. Mikataba ya mataifa ina njia ya kutokea: unamwambia mwenzako waziwazi, unampa muda wa kujiondoa, wala hakuna anayeita vita. Sasa mnataka kupita mlango huo, wa kwanza kuuzuia ni mimi niliyesema upo.

Basi sema. Lakini nijibu hili: kwenu, aliyeambiwa maji yamekwisha, anapewa muda? Kama anapewa, useme na huo. Usiuache, ading. Pamoja na muda ni taarifa. Bila muda ni tishio.

Perpetua


Mahabusu, kituo cha polisi mjini
Aprili 13, 2011

Manang,

Uliona mwenyewe, lakini ulikuwa umekaa nyuma na mtu mmoja mwenye nywele nyingi alikuziba, kwa hiyo nakuandikia nilivyoona mimi. Bagsao atakuletea.

Muda upo. Ni mpaka avuke mto. Nilisema yote: "Mhandisi Olmedo, nimetumwa na Kettay. Maji yamekwisha. Uko salama mpaka uvuke mto." Nilisema kwa lugha yetu, maana ndivyo inavyosemwa. Nikamtazama yeye tu, sikutazama mtu mwingine.

Manang, nilipomtazama vizuri ndipo nikaona. Hakuna aliyemtafsiria. Mkalimani alikuwa bado anakohoa. Mhandisi aliruka kwenye kiti, soda ikammwagikia suruali. Wakili wake akawa anamuuliza, "Amesema nini? Amesema nini?" Yeye keshakuwa mweupe. Miaka yote anatuchekea na kata mkononi, kumbe anajua.

Yaliyofuata unayajua. "Ametishia kuua mbele ya Tume!" Mwenyekiti akagonga meza, akaahirisha, mimi nikashikwa mkono.

Niko na mwizi wa kuku. Ni mtu mzuri.

Wassig


Mjini, nyumba ya wageni
Aprili 14, 2011

Ading,

Soma polepole, hili ni la kwako kuamua.

Mhandisi ameandikisha mashtaka kwa kiapo: kwamba umemtishia. Asubuhi nimepata nakala, nikaisoma nimesimama. Juzi tu wamesema mlimnywesha kwa ukarimu. Sasa kama maji ni ukarimu, "maji yamekwisha" maana yake mtungi mkavu, tishio liko wapi? Na kama ni tishio, basi maji yalikuwa ya kumzuia mtu asidhurike kwa watu wasiomtaka, ridhaa iko wapi? Hawawezi kushika vyote viwili.

Wakili wao si mjinga, na yeye ameona. Ametoka kwangu sasa hivi. Anasema wewe usaini karatasi kwamba ulimaanisha maji ya kunywa yameisha kijijini. Ukisaini, wanafuta mashtaka, leo unalala kwenu. Lakini kiapo cha Mhandisi kinatoka kwenye faili, na maji yanabaki ya ukarimu.

Usiposaini, unabaki ndani, na kesi inaendelea. Kiapo nakipeleka kwa Tume.

Siwezi kukushauri. Mimi nina godoro, wewe una sakafu. Ukisaini sitakulaumu, na Apo hatasikia kwangu.

Manang


Mahabusu
Aprili 14, jioni

Manang,

Amekuja na karatasi na biskuti.

"Kijana, wewe ulimaanisha maji ya kunywa yameisha, sivyo?"

Nikamwambia Daligan maji hayajawahi kuisha, ndiyo maana mnayataka.

"Ni saini tu. Bibi yako mzee. Humhurumii?"

Mwizi wa kuku akasema, "Saini, bwana! Mimi nikipewa karatasi kama hiyo nasaini mbele na nyuma."

"Msikilize mwenzako," wakili akasema.

Nikamrudishia kalamu. Nikamwambia, "Nilichosema ndicho nilichomaanisha. Peleka."

"Kumbe una kiburi," akasema. "Na unavyoonekana mpole."

Akaondoka na karatasi. Biskuti alizisahau, tumekula.

Manang, nilitumwa na Apo. Neno lenyewe lilikuwa lake, mimi nilikuwa miguu tu. Nikisaini, nimemfunga tena mdomo, safari hii kwa ajili yangu. Kipeleke hicho kiapo.

Wassig


Mjini
Aprili 20, 2011

Ading Wassig,

Nimekipeleka kiapo, natoka mbele ya Tume sasa hivi.

Nilianza na langu. Nikasema mbele ya wote: mimi Perpetua Abrenica niliandika kwamba anayenyweshwa amekubaliwa, na nimekosea, kukubaliwa ni kuachiwa ujichotee. Kuna mtu nyuma alisema "Duh." Sikugeuka. Nikasema lakini la kwanza silirudishi: maji yale ni sheria. Yasomeni kama sheria, sasa kwa maana yake.

Wakili wao akasema profesa amegeuzwa na wanakijiji. Nikasema basi tuniache mimi, tumsikilize Mhandisi. Nikampa Mwenyekiti kiapo.

Mwenyekiti, mama yule, alivaa miwani akasoma kwa sauti: "Nimefanya kazi kule miaka miwili. Maneno yale nayajua maana. Kila nilipopewa maji nilijua ndiyo kitu pekee kinachowazuia watu wale kunidhuru."

Akasoma tena. Halafu akavua miwani. "Mhandisi, hao ndio mliosema wamewapa ridhaa?"

Mhandisi akamtazama wakili. Wakili akatazama viatu vyake.

Wameandika, ading. Daligan haikutoa ridhaa. Kampuni watakata rufaa, wana mawakili wengi kama nzi kwenye embe, lakini leo hawagusi jiwe.

Wewe unatoka kesho kwa dhamana. Mashtaka yako hayakufutwa, yamebaki mpaka Mei. Pale bado nina hofu. Nitakutafutia mtetezi mzuri kuliko mimi. Kuna njia ya kusema kwamba hukusikika vizuri, kwamba mkalimani alichanganya.

Geneva nitakwenda. Nitasoma makala nyingine.

Manang


Daligan
Aprili 27, 2011

Manang,

Nimefika. Bagsao alinibeba mgongoni kwenye kupanda, kwa nguvu, nimekataa akanibeba tu, watu wanacheka. Apo Kettay tangu nimefika hajafunga mdomo. Amemsema Mhandisi, amemsema babu yake Mhandisi, jana ameanza na ukoo wa mama. Anasema ana miaka miwili ya kufidia. Mhandisi mwenyewe, siku ileile niliyomwambia, alichukua vitu vyake hapa akavuka mto. Kofia yake ameisahau hapa, hakuna aliyeigusa.

Mtetezi uliyemtafuta amenipigia simu kwa nesi. Ni mtu mwema. Anasema nikubali kwamba sikusikika vizuri, karani wa Tume mwenyewe ameandika "maneno hayakueleweka, msemaji anaongea chinichini," hapo kuna mlango, tupite.

Nimemwambia asante, huo mlango si wangu. Mei nitashuka. Nitasimama mahakamani, nitasema maneno yaleyale na muda wake, na safari hii nitapaza sauti ili karani aandike.

Wassig